Louison Bobet, Mtoto wa Mwoka Mikate

1. Mikate ya asubuhi

Upande wa magharibi wa nchi ya Ufaransa kuna jimbo liitwalo Bretagne. Ni nchi ya mvua na upepo, na bahari inaizunguka pande tatu. Tangu zamani watu wake ni wakulima na wavuvi, wenye kupenda kazi na sala. Katika mji mdogo wa jimbo hilo, jina lake Saint-Méen-le-Grand, alizaliwa mtoto tarehe 12 Machi 1925. Wazazi wakamwita Louis. Lakini baba naye aliitwa Louis. Basi kusudi watu wasimchanganye baba na mwana, mtoto akaitwa Louison, maana yake Louis mdogo. Jina hilo lilimfuata mpaka siku ya kufa kwake.

Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kazi hiyo haimfai mvivu. Mwoka mikate huamka watu wengine wangali usingizini. Hukanda unga, huwasha tanuru, na kabla jua halijapanda mikate huwa imekwisha kuiva. Lakini mkate ukikaa dukani haumshibishi mtu. Louison, alipopata nguvu kidogo, alipeleka mikate kwa watu juu ya baisikeli. Baisikeli hiyo, ambayo watu wa Katanga huiita kinga, kwake ilikuwa kwanza chombo cha kazi. Aliizoea katika mvua na katika baridi, akiwa na mzigo, wala si kwa kujionyesha barabarani.

Nyumbani walikuwa watoto watatu: Louison, dada yake Madeleine, na mdogo wake Jean. Wote walipenda michezo. Louison alicheza mpira wa miguu. Mpira wa mezani aliujua vizuri hata akawa bingwa wa Bretagne. Lakini mtu mmoja wa jamaa yake, aliyekuwa msimamizi wa chama cha baisikeli katika mji wa Paris, alimshauri ashike mchezo mmoja tu, mchezo wa baisikeli. Mwaka 1938, alipokuwa na umri wa miaka 13, alishindana kwa mara ya kwanza, akawa wa pili.

Kisha vita ikaja. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliishika Ufaransa. Husimuliwa kwamba kijana Louison alichukua barua za siri za watu waliopigania uhuru wa nchi yao. Mwaka 1944, majeshi ya kuikomboa Ufaransa yalipofika, yeye naye akawa askari. Aliachiliwa mwezi wa Desemba 1945, akarudi kwenye baisikeli yake.

2. Mzunguko wa Ufaransa

Katika nchi ya Ufaransa kuna mashindano ya baisikeli yanayojulikana duniani pote. Jina lake ni Tour de France, maana yake Mzunguko wa Ufaransa. Yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti moja la Paris.

Mashindano hayo si ya siku moja. Washindani huenda muda wa wiki tatu hivi, mji kwa mji. Wakati wa Bobet safari yote ilipita kilomita 4,000, na mara nyingi kwa siku moja walikwenda kilomita 200 au zaidi. Kila jioni wenye saa huandika muda wa kila mmoja. Muda huo hujumlishwa siku kwa siku, na yule mwenye jumla ndogo kuliko wenzake ndiye wa kwanza. Basi mtu anaweza kushinda leo, na kesho akapoteza yote.

Njia hupita katika milima mirefu, Alpes na Pyrénées. Bondeni jua huchoma, juu mlimani baridi hukata vidole. Kupanda ni taabu, na kushuka ni hatari. Wengi huanza, lakini si wote wanaofika Paris.

Mshindani anayeongoza huvaa fulana ya rangi ya njano, kusudi watu wote wamtambue. Desturi hiyo ilianza mwaka 1919. Gazeti lililoanzisha mashindano lilipigwa chapa juu ya karatasi za njano, na kwa sababu hiyo fulana nayo ikawa ya njano.

Tena, mshindani haendi peke yake. Wakati ule kila nchi ilipeleka timu yake. Wasaidizi humkinga mkubwa wao na upepo, na tairi yake ikitoboka humpa gurudumu lao wenyewe. Bila wenzake, hata mwenye nguvu hashindi.

3. Kijana wa machozi

Mwaka 1947 mashindano hayo yalirudi mara ya kwanza baada ya vita. Louison Bobet alikuwa na miaka 22. Alikuwa na miguu mizuri na tamaa kubwa ya kushinda. Lakini alipofika katika milima ya Alpes nguvu zilimwishia. Alishuka katika baisikeli, akaacha mashindano, akarudi nyumbani.

Louison alikuwa na moyo mwepesi wa kuumia. Mambo yakiharibika, machozi yalimtoka mbele ya watu. Wenzake, watu wazima waliozoea taabu, walimcheka. Walimpa jina la mwanamke mwenye kulialia. Jina la kuchekwa linauma kuliko jiwe, kwa kuwa jiwe huumiza siku moja, na jina hurudi kila asubuhi. Wengi waliamini kwamba kijana huyo hatafika popote.

Mwaka 1948 alirudi. Safari hii alivaa fulana ya njano siku nyingi, na Ufaransa nzima ikafurahi. Gino Bartali wa Italia, bingwa aliyekuwa karibu na miaka 34, alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya dakika 20. Watu walidhani kazi imekwisha. Kumbe Bartali alingoja milima. Katika siku mbili za mvua na baridi, mzee yule alimla kijana dakika zake zote. Bartali akashinda, Bobet akawa wa nne.

Hata hivyo safari hii Louison hakushuka. Alifika Paris pamoja na wengine. Hapo ndipo alipoanza kuwa mtu mwingine.

4. Fulana ya sufu

Katika miaka hiyo lilitokea jambo moja dogo linaloonyesha tabia yake. Kampuni moja iliyotengeneza nyuzi za kiwandani ilikuwa imeshirikiana na wenye mashindano, na fulana ya njano ikafumwa kwa sufu iliyochanganywa na nyuzi hizo. Louison alipopewa fulana hiyo aliikataa. Hakukataa heshima, alikataa nguo. Alijua kwamba mtu anayetoka jasho kutwa nzima katika vumbi anahitaji nguo safi inayonywa jasho, nayo kwa mawazo yake ilikuwa sufu tupu ya kondoo.

Msimamizi wa mashindano, Jacques Goddet, alijaribu sana kumshawishi, kwa maana kampuni ilikuwa imelipa fedha. Louison hakubadili neno. Mwisho ikabidi kutengeneza usiku uleule fulana nyingine ya sufu tupu. Watu wengine walimwona kuwa mwenye maringo. Lakini fundi mzuri hachezi na chombo chake, na chombo cha mwanamichezo ni mwili wake. Louison aliulinda mwili wake kwa usafi, kwa chakula kizuri, kwa usingizi na kwa nguo inayofaa.

5. Siku ya Izoard

Miaka ikapita. Mwaka 1949 Louison aliacha mashindano tena. Mwaka 1950 akawa wa tatu, na katika kupanda milima akawashinda wote. Mwaka 1951 alishinda Milano–San Remo na mashindano ya Lombardia, yote mawili katika nchi ya Italia, lakini katika Mzunguko wa Ufaransa aliachwa nyuma sana. Watu wakasema kwamba anajua mashindano ya siku moja tu.

Mwaka 1953 mashindano yalitimiza miaka 50 tangu kuanzishwa. Louison alikuwa na miaka 28. Ndani ya timu ya Ufaransa kulikuwa na ugomvi, kwa kuwa kila mmoja alitaka kuwa mkubwa. Siku walipofika katika mji wa Béziers, Louison aliona kwamba wenzake wawili wamemnyima nafasi yake. Jioni, mezani, maneno makali yakatoka, karibu watu washikane. Hapo msimamizi wa timu, Marcel Bidot, akawauliza kila mmoja kama anaweza kuwashinda wote mpaka Paris. Louison alijibu kwamba yeye ataweza. Kisha akaahidi kwamba wakimsaidia, fedha za ushindi zitakuwa zao. Yeye angechukua jina, wao wangechukua mali. Ugomvi ukaisha.

Tarehe 22 Julai walitoka mji wa Gap kwenda Briançon. Njiani kulikuwa na milima miwili, Vars na Izoard. Mlima wa Izoard, mahali barabara inapopita, una urefu wa mita 2,360. Karibu na kilele hakuna mti wala jani. Kuna changarawe na mawe yaliyosimama kama nguzo, na jua hupiga mawe hayo kama linavyopiga bati.

Asubuhi mwenzake Adolphe Deledda alikuwa ametangulia mbele. Katika mlima wa Vars Louison aliwaacha wote waliovaliana naye, akashuka upesi upande wa pili. Bondeni alimkuta Deledda anamngoja. Deledda angeweza kutafuta ushindi wake mwenyewe siku ile, lakini hakufanya hivyo. Alitangulia mbele ya Louison, akamkata upepo kwa nguvu zake zote mpaka mwanzo wa mlima wa Izoard. Hapo nguvu zake zikaisha, na Louison akapanda peke yake.

Pembeni ya barabara, kati ya watu wengi, alisimama Fausto Coppi wa Italia, aliyekuwa bingwa mkuu wa wakati ule. Mwaka ule Coppi hakushindana. Alikuja kutazama tu. Louison alipompita, alimshukuru kwa kuja kwake. Kisha akaendelea kupanda.

Alifika Briançon akiwa amewaacha wengine kwa zaidi ya dakika tano. Jioni ile akavaa fulana ya njano, wala hakuivua tena mpaka Paris. Aliyekuwa kijana wa machozi sasa alikuwa mshindi wa Ufaransa.

6. Kidonda

Mwaka 1954 alishinda tena. Mwaka huohuo, katika mji wa Solingen huko Ujerumani, akawa bingwa wa dunia.

Mwaka 1955 ulikuwa mgumu kuliko yote. Mshindani wa baisikeli hukaa saa nyingi juu ya kiti kigumu. Jasho, vumbi na msuguano huivunja ngozi, na kidonda kikiingia hakipati nafasi ya kupona, kwa kuwa kesho lazima kukalia tena palepale. Louison alipatwa na vidonda vya namna hiyo. Kila asubuhi alianza safari kwa maumivu ambayo watu wa barabarani hawakuyaona.

Tarehe 18 Julai walipanda mlima wa Ventoux, mlima mweupe wenye mawe matupu juu. Joto lilikuwa kali mno. Siku hiyo mshindani mmoja alianguka amezimia, watu wakahofu kwamba amekufa. Louison alifika wa kwanza juu, akashuka, akafika wa kwanza pia katika mji wa Avignon. Mdogo wake Jean alikuwa katika mashindano hayohayo, akaona kwa macho yake namna kaka yake alivyoteseka.

Alifika Paris na fulana ya njano. Kabla yake hakuna mtu aliyeshinda Mzunguko wa Ufaransa miaka mitatu mfululizo. Lakini baada ya ushindi huo waganga walilazimika kumpasua na kuondoa nyama iliyokufa. Ushindi ule ulimgharimu sana, na baadaye hakuwa tena na nguvu zilezile.

Hata hivyo mwezi wa Aprili 1956 alishinda mashindano ya Paris–Roubaix, yanayopita juu ya barabara za mawe yanayotikisa mifupa. Mwaka 1957, katika mashindano makubwa ya Italia, alishindwa kwa sekunde 19 tu.

7. Kilele cha mwisho

Mwaka 1959 Louison alikuwa na miaka 34, tena mgonjwa. Walipofika mlima wa Iseran, wenye barabara inayopanda mpaka mita 2,770, alibaki nyuma kabisa. Angeweza kushuka katika baisikeli palepale chini. Hakutaka. Alipanda polepole mpaka kileleni, na alipofika juu ndipo akashuka na kuacha Mzunguko wa Ufaransa kwa mara ya mwisho.

Mwaka 1947 aliacha kwa sababu moyo ulimwishia. Mwaka 1959 mwili ndio uliokwisha, moyo ulikuwa umefika juu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye na mdogo wake Jean walipata ajali mbaya ya motokaa. Louison aliumia sana mguu. Mguu uliompa sifa sasa haukuweza kumbeba vizuri. Mashindano yakaisha.

Wanamichezo wengi, makofi ya watu yakinyamaza, hupotea. Hunywa fedha zao, hukaa wakisimulia siku zilizopita. Louison alikumbuka tanuru la baba yake: kila siku ina mkate wake wa kuoka. Alijaribu biashara mbalimbali, hata duka la nguo. Lakini kazi yake kubwa ilitoka katika maumivu yake mwenyewe.

Ili mguu upone, alikwenda kutibiwa Roscoff, mji wa pwani ya Bretagne. Huko waganga walitumia maji ya bahari yaliyotiwa moto. Mgonjwa huogeshwa ndani yake, hufanyishwa mazoezi, na kusuguliwa viungo. Louison aliona nafuu. Akafikiri juu ya watu wengine wenye viungo vilivyochoka: wanamichezo, wazee, waliovunjika mifupa.

Basi mwaka 1964 alifungua nyumba kubwa ya matibabu hayo katika mji wa Quiberon, mahali ambapo nchi inaingia baharini kama kidole. Palikuwa na waganga, na pa kulala wageni. Wako waliomwona kuwa ameota ndoto, lakini watu walikuja, mwaka kwa mwaka wakazidi. Mfano wake ulifuatwa katika miji mingine ya pwani ya Ufaransa. Mwoka mikate alikuwa amewapa watu mkate, na mwanawe aliwapa maji ya bahari.

8. Kifo chake

Louison Bobet alifariki tarehe 13 Machi 1983 katika mji wa Biarritz, siku moja baada ya kutimiza miaka 58. Alikufa kwa ugonjwa wa kansa. Alizikwa kwao Saint-Méen-le-Grand, katika mji alikopelekea watu mikate. Huko ilifunguliwa nyumba ya makumbusho, na ndani yake watu wameona baisikeli na fulana zake.

Maisha yake yana mafundisho matatu. La kwanza: machozi si aibu. Mtu anaweza kulia, akapangusa uso, akaendelea. La pili: hakuna anayepanda mlima bila mwenzake. Louison alipata jina, lakini Deledda alimngoja bondeni. Anayesahau waliomkata upepo hakustahili ushindi. La tatu: nguvu za mwili Mungu ametukopesha kwa muda tu. Siku zikichukuliwa, heri yule ambaye amekwisha kujifunza kufanya kazi kwa moyo, kwa maana huyo atapata njia nyingine ya kuwafaa watu.

Maulizo

1. Louison alifanya kazi gani alipokuwa kijana?
2. Kwa nini wenzake walimcheka mwaka 1947?
3. Adolphe Deledda alifanya nini siku ya Izoard? Alipoteza nini kwa kufanya hivyo?
4. Kuacha kwa mwaka 1947 na kuacha kwa mwaka 1959 kunatofautianaje?
5. Namna gani ajali ya motokaa ilimfungulia Louison njia mpya?